SOMO LA WAFANYAKAZI: MIPAKA YA VOLTI NA JOTO KATIKA KUPANDISHA MWENDO WA KOMPYUTA



Katika ofisi nyingi za matawi yetu, na katika vyama vya akiba na mikopo vya viwandani na mashambani, sasa kuna kompyuta ya mezani. Ndani yake yamo majina ya wanachama, michango ya kila mwezi, mikopo na marejesho yake. Nyingi ya kompyuta hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika, na haupiti muda mrefu kabla watu hawajaanza kulalamika kwamba mashine ni nzito. Hapo hutokea kijana mwenye ujuzi, mara nyingi mtoto wa mwanachama, akasema: "Mzee, hii naweza kuipandisha mwendo bila kununua kitu." Anasema kweli. Jambo hilo linawezekana na hufanywa dunia nzima. Vijana huliita ovakloki. Lakini lina mipaka miwili, mpaka wa volti na mpaka wa joto, na mipaka hiyo haionekani kwa macho. Somo letu safari hii ni juu ya mipaka hiyo: imewekwa na nini, tarakimu zake ni zipi, na ni nani anayelipa gharama inapovukwa.

Asiogope mtu kwamba somo hili ni la wasomi wa kompyuta peke yao. Yeyote aliyefanya kazi karibu na mota kwa miaka kadhaa anajua tayari nusu ya habari hii, ila hajaambiwa kwamba ni habari ile ile.

Tuanze na mota

Kila mota ya kiwandani ina bamba lake. Juu ya bamba hilo zimeandikwa volti, ampea, mizunguko kwa dakika, na herufi moja ambayo wengi hawaitazami: B, F au H. Herufi hiyo ni daraja la insulesheni, yaani varnishi na karatasi zinazotenga waya mmoja na mwingine ndani ya koili. Daraja B huvumilia joto la digrii 130 za sentigredi, F digrii 155, na H digrii 180. Sasa mota ya daraja F ikifika digrii 165 haiungui papo hapo. Inazunguka kama kawaida, na mtu asiyejua atasema haina neno. Lakini mafundi wana kanuni ya zamani: kila digrii 10 zinazozidi, umri wa insulesheni hupungua kwa nusu. Mota ambayo ingedumu miaka ishirini itadumu kumi. Ikizidishiwa digrii 10 nyingine, mitano. Ndiyo maana msimamizi anayelazimisha mzigo wa ziada hupata sifa mwezi huu, na mota huungua baadaye, yeye akiwa amekwisha hamishiwa kiwanda kingine.

Prosesa, yaani kile kibamba cha silikoni kinachofanya hesabu zote za kompyuta, haina kitu kinachozunguka. Hata hivyo nayo ina bamba lake, ambalo ni karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na nayo huzeeka kwa joto na kwa umeme. Tofauti ni kwamba mota hutoa harufu kabla ya kufa.

Mwendo hupandishwaje?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata ngoma. Pigo moja, hatua moja. Prosesa ya gigahezi 4 hupiga mapigo bilioni 4 kwa kila sekunde. Mapigo hayo hutokana na pigo la msingi, ambalo kwa kompyuta nyingi za miaka hii ni megahezi 100, likizidishwa kwa namba iitwayo kizidishi. Mia moja mara 40 ni megahezi 4,000. Kizidishi kikiwekwa 44, unapata 4,400. Kubadili namba hiyo ni kazi ya dakika mbili katika bayosi, ile skrini inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Hakuna bisibisi wala kuchomelea. Na kwa sababu ni rahisi hivyo, watu hudhani ni jambo dogo.

Mwaka 1998 kampuni ya Intel ya Marekani iliuza prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A. Kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, na pigo la msingi lilikuwa megahezi 66, hivyo mwendo wake ulikuwa megahezi 300. Watu waligundua kwamba pigo la msingi likiwekwa 100, nyingi ya prosesa hizo zilikwenda megahezi 450, kwa volti zile zile 2.0 au zaidi kidogo tu. Nusu nzima ya mwendo, bure! Siri yake ni kwamba Celeron hiyo ilitoka katika kizazi kile kile cha silikoni kilichotoa Pentium II ya megahezi 450, ila iliandikiwa mwendo mdogo ili iuzwe rahisi. Sifa zake zilienea, na tangu hapo wapo wanaoamini kwamba kila prosesa ina akiba kama ile. Haina. Prosesa za leo hujipandisha zenyewe zinapoona nafasi, mpaka karibu na ukomo wao. Akiba inayobaki ni ndogo.

Tena hiyo akiba kidogo haikuachwa kwa ukarimu. Lori lililoandikwa tani saba litabeba nane, hakuna asiyejua. Lakini ile tani ya nane iliachwa kwa ajili ya barabara mbovu, springi zilizochoka na breki zilizolowa. Vivyo hivyo mtengenezaji wa prosesa huacha nafasi kwa chumba chenye joto, kwa feni iliyojaa vumbi, kwa umeme usiotulia, na kwa uzee. Anayetumia nafasi hiyo yote siku ya kwanza hana kitu cha kumsaidia siku ya mia tatu.

Kwa nini volti, na kwa nini joto

Chukua kila transista ndani ya prosesa kuwa ni ndoo ndogo inayojazwa na kumwagwa. Ili pigo lisomeke sawa, maji lazima yafike alama kabla ya pigo linalofuata. Ukiharakisha mapigo, muda wa kujaza unapungua, na baadhi ya ndoo zitakutwa ziko nusu. Hapo prosesa husoma sifuri mahali pa moja, na mashine hukwama au hukosea hesabu. Dawa yake ni kuongeza msukumo wa maji. Msukumo huo ndio volti.

Lakini dawa hiyo ina bei. Umeme unaoliwa na prosesa hufuata mwendo mara volti mara volti tena. Volti zinahesabiwa mara mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Tuchukue prosesa inayokula wati 100 kwa gigahezi 4.0 na volti 1.20. Tuipandishe mwendo asilimia 10, iwe gigahezi 4.4, na volti asilimia 10 pia, ziwe 1.32. Hesabu ni 1.1 × 1.1 × 1.1, jibu 1.331. Wati zimekuwa 133. Tusonge mbele hadi gigahezi 4.8 na volti 1.44, yaani asilimia 20 kila upande: 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.728, wati 173. Mwendo umeongezeka sehemu moja ya tano. Joto limeongezeka karibu robo tatu. Na hesabu hii ni ya upole, maana haikuingiza umeme unaovuja ndani ya transista hata zikiwa zimetulia, ambao huongezeka kadiri joto na volti zinavyopanda.

Mafundi umeme watacheka wakisikia volti 1.2, kwa kuwa wao wamezoea 415. Tunawaomba wagawanye. Wati 150 kwa volti 1.2 ni ampea 125. Hizo ni karibu sawa na ampea ambazo mota ya kilowati 75 huvuta katika kila waya wa umeme wa fezi tatu wa volti 415. Mota ya namna hiyo huinuliwa kwa winchi. Huku ampea hizo zinapita katika kipande cha silikoni ambacho ungeweza kukifunika kwa kidole gumba.

Umeme huizeesha prosesa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ile ya mota, yaani insulesheni. Ndani ya kila transista kuna utando unaotenga sehemu moja na nyingine, na unene wake ni nanomita chache tu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Volti zikizidi, utando huo hupata madhara kidogo kidogo, umeme huanza kupenya, na mwishowe hutoboka. Njia ya pili hutokea katika nyaya. Umeme mwingi ukipita katika waya mwembamba, elektroni husukuma atomi za metali kama mto unavyobeba udongo wa ukingo. Mahali pamoja waya hukonda hadi kukatika. Mahali pengine metali hurundikana hadi kugusa waya wa jirani. Mwaka 1969 mhandisi James Black wa kampuni ya Motorola alitoa kanuni ya umri wa nyaya hizo: msongamano wa umeme ukiwa mara mbili, umri unabaki robo, na joto likipanda umri unapungua zaidi kwa kasi kubwa.

Kwa hiyo volti na joto havisomwi mbali mbali. Volti ambazo prosesa ingezivumilia kwa miaka ikiwa na digrii 60, zitaifupisha umri ikiwa na digrii 95. Wale wanaoshindania rekodi wanalijua hilo. Mwaka 2011 prosesa ya AMD iitwayo FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429, lakini ilikuwa imepozwa kwa gesi zilizogeuzwa maji kwa baridi kali mno, na ilitakiwa kuishi dakika chache tu. Hayo ni mashindano. Ofisi ya tawi hufunguliwa saa mbili asubuhi, kila siku.

Dalili ya kwanza ya prosesa iliyoumizwa si moshi. Ni kwamba mipangilio iliyofanya kazi vizuri mwaka jana, mwaka huu inakwama. Kijana huitwa tena, naye huongeza volti kidogo, mashine inatulia. Volti hizo za ziada huharakisha uchakavu ule ule uliozihitaji, na baada ya miezi kadhaa anaitwa tena.

Tarakimu

Kosa la kwanza ni kuchukua tarakimu ya mashine moja na kuiweka katika nyingine. Pentium za kwanza za mwaka 1993 zilitumia volti 5. Celeron tuliyoitaja ilitumia 2.0. Prosesa za leo hutumia kiasi cha volti 1 hadi 1.4 zikiwa kazini. Transista zikiwa ndogo zaidi, utando ni mwembamba zaidi, na volti za usalama ni chache zaidi. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa na volti zikapunguzwa kwa kiasi hicho hicho, joto kwa kila eneo halitaongezeka. Kanuni hiyo ilibeba kazi yote ya kompyuta kwa takriban miaka thelathini, kisha volti zikakataa kushuka zaidi. Oktoba 2004 Intel iliacha mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Joto lilikuwa limeishinda kampuni yenyewe.

Katika karatasi za Intel za prosesa za kizazi cha mwaka 2015, ambazo ni nyingi katika maduka ya mitumba, imeandikwa volti 1.52. Vijana huisoma tarakimu hiyo kama ruhusa. Siyo. Ni kiwango cha juu ambacho prosesa yenyewe inaweza kuomba, ikijisimamia, kwa kitambo. Haina maana ya volti za kudumu, sehemu zote zikiwa na mzigo kamili. Wapandishaji waangalifu wa prosesa hizo waliishia 1.35 kwa matumizi ya kila siku, wengine 1.40 wakiwa na vipozeo vizuri. Kwa vyumba vyetu sisi tunasema 1.30, na atakayeona tunaogopa mno angoje tufike kwenye habari ya hewa.

Kwa joto, mipaka ya mtengenezaji ni hii. Prosesa nyingi za mezani za Intel za vizazi vya 12 hadi 14 zimewekewa digrii 100. AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 nyingi ni digrii 95, ila 7800X3D ni 89. Ryzen 5000 nyingi ni digrii 90. Prosesa ikifika hapo hujipunguza mwendo yenyewe, na ikizidi sana hujizima. Hivyo joto peke yake mara nyingi halitaiua siku hiyo. Lakini mwendo uliougharimia umepotea pale pale: umelipia gigahezi 4.8, nayo imejirudisha 4.3 ili ipumue. Mpaka wetu wa kazi ni digrii 80 katika kazi nzito ya nusu saa. Kati ya 80 na 90 ni mahali pa kutafakari. Juu ya 90, rudisha.

Mipaka hii hata wenye kuitengeneza wamewahi kuikosea, na visa viwili vya karibuni vinafaa kujulikana na kila mnunuzi. Aprili 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye alama X3D ziliungua kabisa, pamoja na soketi zake. Volti za sehemu moja ya prosesa hiyo zilikuwa zikipandishwa mno na ubao mkuu wa kompyuta, hasa mtu alipowasha mpangilio wa kuharakisha kumbukumbu. AMD iliagiza volti hizo zisizidi 1.30, na watengenezaji wa mbao hizo wakatoa bayosi mpya. Aliyewasha mpangilio ule hakufikiri kwamba anagusa volti za prosesa. Aligusa.

Kisa cha pili ni kikubwa zaidi. Prosesa za mezani za Intel za vizazi vya 13 na 14 zilianza kukwama mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakupandisha chochote. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba programu ndogo iliyo ndani ya prosesa ilikuwa ikiomba volti nyingi kupita kiasi. Agosti 2024 ilitoa marekebisho yaliyozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, na Septemba mengine. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya. Prosesa iliyokwisha umia hayaiponyi. Dhamana iliongezwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano. Kamati inayotaka kununua kompyuta iliyotumika yenye prosesa za vizazi hivyo, kama vile i7-13700K au i9-14900K, iulize kwanza kama bayosi yake ni ya baada ya Septemba 2024, na iulize pia ilitumika vipi kabla ya hapo. Muuzaji akijibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu.

Hewa ya kwetu

Tarakimu nyingi zinazosifiwa zilipimwa katika vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye digrii 20 au 21. Kipozeo hakishushi joto chini ya hewa ya chumba. Huweka tofauti fulani juu yake. Prosesa ikionyesha digrii 75 katika chumba cha digrii 21, tofauti ni 54. Mashine ile ile, mipangilio ile ile, katika stoo ya digrii 34 iliyopakana na boila, itaonyesha 88. Hakuna kilichoharibika, ni hewa tu.

Ndugu wa mashamba ya chai watasema kwao ni baridi. Ni kweli, lakini hewa ya juu ni nyepesi. Fort Portal, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina karibu asilimia 86 ya uzito wa hewa ya pwani. Kericho, kwenye mita 2,000, ni kama asilimia 82. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu kwa uzito, na ni uzito wa hewa unaobeba joto. Baridi ya mlimani hurudisha sehemu ya hasara hiyo, hasa usiku, siyo mchana wa jua kali chini ya bati.

Halafu kuna vumbi. Manyoya ya chai, makapi ya miwa, nyuzi za mkonge: kila kiwanda kina lake, na lote huishia katikati ya mapezi ya kipozeo. Kabla ya kuzungumza habari ya kupandisha mwendo, fungua sanduku, umeme ukiwa umechomolewa, piga hewa, na ushike feni isizunguke unapopiga. Kama grisi inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo imekauka na kupasuka, ifutwe kwa spiriti na kuwekwa mpya, kiasi cha punje ya harage dogo. Kazi hiyo ya shilingi chache imeshusha digrii 10 na zaidi katika mashine nyingi zilizozeeka, na hakuna volti iliyoguswa.

Kwa atakayepandisha

Kwanza atazame kama mashine inakubali. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zina prosesa zilizofungwa kizidishi. Kwa Intel, zilizofunguliwa kwa kawaida huwa na herufi K mwishoni mwa jina, na ubao mkuu nao lazima uruhusu. Anayekuuzia i5 ya kawaida ya ofisi akidai "nimeipandisha" anakuuzia maneno.

Apande kwa megahezi 100 kila mara, akiacha volti zilivyo. Asiache volti kwenye "otomatiki", kwa maana mbao nyingi zikiachiwa uamuzi huo huweka volti nyingi kuliko lazima. Aandike tarakimu mwenyewe. Mashine ikikwama aongeze volti kwa 0.01 au 0.02, siyo kwa 0.1. Volti na joto azisome mzigo ukiwa mzito, kwa kuwa tarakimu iliyoandikwa katika bayosi na ile inayofika kwenye prosesa si moja: mzigo ukija volti hushuka kidogo, ukiondoka huruka juu kwa kitambo. Kuna mipangilio ya kuzuia kushuka huko; ikikazwa hadi mwisho, ule mruko unakuwa mkubwa zaidi, na mruko ndio unaoumiza. Kwa kupima, wengi hutumia Prime95, programu iliyotengenezwa kwa kutafuta namba tasa kubwa, kwa sababu hesabu zake ni nzito na jibu lake linajulikana mapema. Nusu saa ya mwanzo huonyesha joto. Ili kuamini hesabu, iachwe usiku kucha.

Hapa tumefikia jambo linalotuhusu zaidi. Prosesa iliyo ukingoni haikwami kila mara. Wakati mwingine hukosea tarakimu moja na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Katika mchezo wa kompyuta, kosa hilo ni nukta moja ya rangi isiyo mahali pake. Katika daftari la akiba, ni marejesho ya mama fulani yaliyosomeka pungufu, naye anaambiwa anadaiwa. Atakuja na stakabadhi zake za karatasi, na mweka hazina atamwonyesha skrini. Wote wawili watakuwa waaminifu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mashine yenye hesabu za wanachama isipandishwe mwendo hata kidogo. Ikigunduliwa kwamba imepandishwa, irudishwe mipangilio ya kiwandani, na jumla za miezi hiyo zikaguliwe upya dhidi ya karatasi.

Dhamana nayo ikumbukwe. Intel na AMD kwa kawaida hazilipi uharibifu uliotokana na kupandisha mwendo. Na kama kamati ndiyo iliyomwomba kijana afanye kazi hiyo katika mashine nyingine ya tawi, ombi liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Tumeona hasara ya namna hii ikitafutiwa mtu, na mtu aliyepatikana akawa yule mdogo kuliko wote chumbani.

Wala faida yenyewe si kubwa kama inavyosemwa. Kazi ya dakika 30, mwendo ukipandishwa asilimia 10, huisha kwa dakika 27 na kitu, tena ikiwa prosesa ndiyo iliyokuwa ikichelewesha. Katika mashine kuu kuu za ofisi mara nyingi kinachochelewesha ni diski inayozunguka na kumbukumbu ndogo. Diski isiyozunguka, hata ya bei ya chini, hubadili mashine hiyo kuliko volti zozote.

Ipo njia ya kurudi nyuma ambayo sisi tunaipenda zaidi, nayo husifiwa kidogo: kupunguza volti bila kugusa mwendo. Prosesa nyingi hupewa volti kidogo zaidi ya mahitaji yake. Ikiwa mashine yako inakubali mpangilio huo na inakwenda sawa sawa kwa 1.20 badala ya 1.30, gawanya 1.20 kwa 1.30, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe: 0.85. Umepunguza umeme na joto kwa asilimia 15, feni imetulia, na mwendo ni ule ule. Ipimwe usiku kucha kama ile iliyopandishwa, kwa kuwa volti chache mno nazo huleta makosa ya hesabu.

Zoezi kwa vikundi vya kusoma

Prosesa inakula wati 65 kwa gigahezi 3.6 na volti 1.25. Katika chumba cha digrii 30 inaonyesha digrii 70 ikiwa na mzigo kamili. Inapandishwa hadi gigahezi 3.96 na volti 1.35. Tafuteni wati mpya, kisha joto jipya, mkichukulia kwamba tofauti ya joto juu ya chumba huongezeka sawa na wati. (Mwendo ni mara 1.1, volti ni mara 1.08. Wati zinakuwa 83, na joto digrii 81.) Mmevuka mpaka wa somo hili kwa digrii moja. Jadilini: mngeshusha volti, mngeshusha mwendo, au mngehamisha meza kutoka ukuta wa boila?